Dirisha Kubwa la Sebuleni na Pazia Linalolifaa

Hapana sehemu ya nyumba iliyobadilika umbo huku pwani kwetu, katika muda usiozidi umri wa mtu mzima, kama dirisha la sebule. Zamani lilikuwa tundu la wastani lenye mbawa mbili za mbao na vyuma vyake, likitoa nuru ya kutosha kusomea na hewa ya kutosha kupumzikia. Leo ni ukuta wa kioo wenye upana wa mita tatu na nusu, pengine nne, uliotiwa fremu ya aluminiamu, wenye vioo vya kusukuma vinavyopishana, nondo za kuzuia wezi, na neti ya mbu juu ya hayo yote. Mwenye nyumba hulitazama siku fundi anapolikabidhi, akafurahi, kwa maana ndilo linaloipa nyumba yake haiba ya kisasa mbele ya wapita njia. Lakini ahamiapo tu hutambua kuwa amejinunulia mashaka kwa fedha yake mwenyewe. Alasiri jua huingia mpaka miguuni pa makochi, usiku jirani humwona akila, na kila pazia analolitundika ama ni fupi, ama halifungi, ama hukaa upande kwa sababu dirisha lenyewe halikujengwa katikati ya ukuta.

Wengi huyapeleka mashaka hayo moja kwa moja dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Darajani ya Unguja au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, ambako muuzaji, naye ana haki ya kutafuta riziki yake, huuliza maswali mawili: rangi gani, na mita ngapi? Maswali hayo ni mazuri, walakini yana mahali pake, na mahali pake ni mwisho. Kabla ya rangi na mita kuna upande ambao dirisha limeelekea, kuna njia ya upepo ndani ya nyumba, na kuna sitara ya watu wanaokaa humo. Na mtu asiyeyapima matatu haya kwanza aweza kununua kitambaa cha thamani kubwa kikawa adui wa starehe yake.

Wajenzi wa zamani hawakuwa na taabu hii, na si kwa kuwa walikuwa na akili kuliko wa leo, bali kwa kuwa vifaa vyao viliwakataza makosa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa na unene wa karibu nusu mita, na boriti za mikoko zilizobeba dari ziliwawekea mpaka wa upana wa chumba, ambao aghalabu haukuzidi mita tatu. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na madirisha yakawa membamba vilevile. Nyumba kubwa za Lamu ziliupa mtaa mgongo, zikapata nuru yake kutoka ua wa ndani. Katika Unguja, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana katika kila ghorofa, hata jua likawa halina budi kuvuka baraza kabla ya kugusa mlango au dirisha. Na katika mji wa kale wa Mombasa zilitokeza roshani za mbao zilizotobolewa tobolewa, ambazo mtu aliyekaa ndani yake alipata upepo na kuuona mtaa bila mtaa kumwona yeye. Hata nyumba za ghorofa zilizojengwa Dar es Salaam na Mombasa katika miaka ya 1950 na 1960 zilitiwa tofali za matundu na vivuli vya zege juu ya madirisha. Wote hao walifanya nje ya nyumba kazi ambayo sisi leo twataka kitambaa kiifanye ndani.

Na kitambaa hakiiwezi, kwa sababu ya tabia ya kioo. Nuru ya jua hupita katika kioo kwa urahisi, ikaangukia sakafu, makochi na pazia lenyewe. Vitu hivyo hupata joto, kisha hulitoa joto hilo kwa namna nyingine, na namna hiyo ya pili kioo hakiiruhusu kutoka kama ilivyoingia ile ya kwanza. Maana yake ni kuwa pazia, hata likiwa zito namna gani, hulikamata jua likiwa limekwisha kuingia nyumbani. Likiwa na mgongo mweupe hurudisha nje sehemu ya ile nuru kabla haijageuka joto, na hiyo ni faida ya kweli. Likiwa jeusi au la rangi ya damu ya mzee huimeza karibu yote, likageuka jiko lililotundikwa ukutani. Ndiyo sababu nashangazwa na mahameli mazito yenye mapambo ya zari ninayoyaona katika sebule za Mbezi kule Dar es Salaam na Nyali kule Mombasa. Pazia la namna hiyo lilibuniwa na watu wa nchi za baridi, ambao madirisha yao huvujisha joto la nyumba usiku kucha katika majira ya theluji, na kwao uzito wa kitambaa ni blanketi la dirisha, jambo la busara kabisa. Sisi twalinunua kwa kuwa tumeliona katika picha, tukazuia upepo tuliopewa bure, kisha tukalipa umeme ili mashine itupe upepo mwingine.

Basi la kwanza ni upande. Mji wa Dar es Salaam uko karibu nyuzi saba kusini ya mstari wa ikweta, Mombasa nyuzi nne, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri halitoki mbali na utosi mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni, Dar es Salaam, hupita upande wa kaskazini likiwa na kimo cha nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho; mwishoni mwa Desemba hupita upande wa kusini, nalo huwa juu zaidi, kiasi cha nyuzi 73. Ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 tu utatia kivuli cha zaidi ya mita moja juu ya kioo cha kaskazini katika adhuhuri ya Juni, na karibu mita mbili juu ya kioo cha kusini katika adhuhuri ya Desemba, zikihesabiwa tangu usawa wa ukingo huo. Mwenye dirisha la kaskazini au la kusini basi hana shida kubwa. Paa limemtosheleza, naye aweza kuchagua pazia kwa ajili ya macho na sitara peke yake.

Upande wa magharibi ni hadithi nyingine. Jua la alasiri halipigi dirisha kutoka juu, hulijia uso kwa uso, na kadiri linavyoshuka ndivyo ukingo wa paa unavyopoteza kazi. Likiwa nusu ya njia kati ya utosi na upeo wa macho, sentimita 60 za paa hutoa sentimita 60 za kivuli. Likishuka hadi nyuzi 20, ule ukingo uleule hufunika sentimita 22 peke yake, na kioo kilichobaki chote ni mlango wazi. Hali hiyo huanza kuuma tangu saa tisa na nusu, wakati kuta za nje zenyewe zimekwisha kushiba joto la mchana, ikaendelea hata karibu na magharibi, yaani saa zilezile watoto warudipo shuleni na wageni wafikapo kubisha hodi. Dirisha la mashariki hupata jua la uso kwa uso pia, lakini ni la asubuhi, nyumba ingali baridi, na wengi wamekwisha kutoka kwenda kazini. Mtu aweza kulivumilia.

Kwa dirisha la magharibi, tadbiri ya kwanza iko uani. Mti ni bora kuliko yote kwa mwenye kiwanja na subira: mwarobaini hukua upesi na kuvumilia ukame, na mkungu hutandaza matawi yake kwa ngazi ngazi kana kwamba uliuagiza, ingawa majani yake makubwa yatampa mfagiaji kazi; na uwe mti wowote, upandwe mbali na msingi kiasi cha kutosha. Asiye na kiwanja aweza kujenga kivuli kidogo cha mbao au cha bati lililopakwa rangi, chenye vipande vya kusimama wima badala ya kulala, kwa kuwa jua la chini huzuiwa na kitu kilichosimama. Na mpangaji, ambaye hana ruhusa ya kupanda wala kujenga, naye hakunyimwa njia. Pazia la fito za mianzi, linalokunjwa kwa kamba kutoka chini kwenda juu, likitundikwa nje ya dirisha chini ya ukingo wa paa, huteremshwa saa tisa na kupandishwa jua likizama. Halizuii upepo wote, huonekana vizuri, na mpangaji akihama huliviringisha akaenda nalo. Mvua na chumvi ya bahari vitalila baada ya misimu michache, na kununua jingine si gharama ya kumfilisi mtu. Karatasi ya giza inayobandikwa kiooni, ile iitwayo tinti, hupunguza mng'ao pia, lakini huiiba nuru ya mchana kutwa ili kuzuia jua la muda wa saa tatu tu, na biashara hiyo siipendi.

La pili ni upepo, na hapa ndipo ninapoona watu wakijidhulumu bila kujua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Desemba hata Machi, na kusi kutoka kusini mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, hivyo katika mwambao huu upepo mkuu wa kila majira hutujia kutoka upande wa bahari. Dirisha la magharibi kwa hiyo aghalabu si mahali pa upepo kuingilia, ni mahali pa kutokea. Na hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Mtu anayefunga mahameli juu ya dirisha la magharibi ili kuzuia jua amefunga mlango wa nyuma wa upepo, na vyumba vya mashariki navyo hunyamaza, mapazia yao yakaning'inia kama yasiyojua kuwa nje kuna kusi. Waweza kulithibitisha jambo hili katika nyumba yako: pazia jepesi la dirisha linaloingiza upepo huvimba kuelekea ndani, na la dirisha linalotoa huvutwa na kugandama kwenye neti.

Fauka ya hayo, vioo vya kupishana vina ila ambayo muuzaji wa aluminiamu haisemi: haviwezi kufunguka zaidi ya nusu. Katika dirisha la mita 3.6, mita 1.8 ndizo za hewa, na neti hupunguza tena nguvu ya upepo upitao hapo. Kama pazia lililokusanywa limerundikana mbele ya nusu hiyo iliyo wazi, hapo dirisha kubwa limefanywa dogo kuliko lile la babu. Chagua kwanza ni nusu ipi itakayofunguliwa kila siku, kisha pazia likusanyike upande wa pili.

Sitara ndiyo kazi ya tatu, nayo ina kanuni moja ambayo mtu akiifahamu hatahadaika dukani. Kitambaa chepesi, kile cha kimia au cha melimeli kinachotundikwa nyuma ya pazia kuu, humficha aliye upande wenye giza na kumfichua aliye upande wenye nuru. Mchana nuru iko nje, kwa hiyo aliye sebuleni huona njia na mpita njia hamwoni. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka kinyume, na mwenye nyumba aliyejiona katika sitara huwa yu katika tamasha. Hakuna kitambaa chepesi kilicho salama usiku, hata muuzaji akiapa. Nyumba iliyo kando ya njia haina budi kuwa na tabaka la pili linalofungwa taa zinapowashwa. Nyumba iliyozungukwa na ukuta mrefu yaweza kuishi kwa tabaka jepesi peke yake, ikaokoa fedha na nafasi. Nalo tabaka hilo la pili si lazima liwe zito. Kinachohitajika ni kitambaa kilichosukwa vizuri, kisichopitisha taswira ya mtu taa ikiwa nyuma yake, na jambo hilo hupimwa papo hapo dukani kwa kukiinua mbele ya taa na kutia mkono nyuma yake.

Kuhusu aina za vitambaa sitasema mengi, kwani mikono ya mama wa nyumba yajua zaidi ya kalamu. Pamba huanguka vizuri, hufulika, na haishiki harufu ya mapishi kwa siku nyingi, lakini hunywea inapoingia majini mara ya kwanza, basi ifuliwe kabla ya kushonwa, la sivyo pazia la kufika sakafuni litapanda juu baada ya kufuliwa mara moja. Kitani ni kizuri na ni ghali, na mikunjo yake haiishi. Poliesta hainywei, haihitaji pasi, huvumilia jua, na ndiyo iliyojaa madukani. Kosa lake ni mng'ao wa bei rahisi katika zile zisizo nzuri. Hariri jua huila mpaka ikachanika kama karatasi, hivyo dirisha la magharibi si mahali pake. Na kwa bitana hakuna kilichoishinda bafta nyeupe: huirudisha nuru, humlinda mwenzake mwenye rangi asichujuke, na mwenye bajeti ndogo aweza kuitundika peke yake, ikiwa imefuliwa na kupindwa vizuri, ikakaa kwa staha kuliko kitambaa cha maua ya dhahabu. Wapo wanaotundika kanga, nami sina ugomvi nao; ila dirisha la mita tatu lataka kanga kadhaa zilizoungwa, na maneno yake yatageukia nje au ndani, basi na achague vyema ujumbe anaoutangazia mtaa.

Sasa tuje kwenye umbo, maana mashaka ya dirisha hili hayatoki katika ukubwa peke yake. Tuchukue mfano ulio wa kawaida mno katika nyumba zetu: ukuta wa mita tano, dirisha la mita 3.6 lililosukumwa kushoto hata likaacha sentimita kumi tu kabla ya pembe ya chumba, na upande wa kulia zimebaki mita 1.3 za ukuta mtupu ambazo hakuna aliyejua la kuzifanyia. Fundi mwenye haraka atapiga bomba la pazia juu ya dirisha peke yake, likazidi kidogo kulia, likagota pembeni kushoto, akatundika mapazia mawili ya ukubwa sawa. Matokeo yake ni kwamba pazia la kushoto halina pa kukusanyika, hivyo hukaa mbele ya kioo mchana na usiku likila nuru, na macho ya kila aingiaye huvutwa kwenye ulemavu uleule ambao ulikusudiwa kufichwa.

Rai yangu ni kuuvika ukuta na si kulivika dirisha. Bomba au reli ianze pembe moja ya chumba mpaka pembe ya pili, mita tano kamili, na kitambaa chepesi kitande ukuta mzima kutoka juu hadi chini. Hapo mtu hawezi tena kujua dirisha limeanzia wapi na kuishia wapi, na kasoro ya mjenzi hufa bila mazishi. Pazia la pili, lile la usiku, liwe moja badala ya mawili, na wakati wa mchana livutwe lote kulia, likakusanyike mbele ya zile mita 1.3 ambazo sasa zimepata kazi. Kioo chote hubaki huru. Watu wengine huogopa kuwa pazia moja la upande mmoja litaonekana pungufu. Wakiisha kuliona huacha kuogopa.

Hesabu yake ni hii. Ili marinda yakae vizuri, upana wa kitambaa huwa mara mbili hadi mara mbili na nusu ya urefu wa bomba. Chini ya mara mbili pazia likifungwa hunyooka kama shuka iliyoanikwa. Kwa bomba la mita tano, kiwango cha juu ni mita 12.5. Tuseme kutoka bomba hadi sakafu ni mita 2.4, nawe waongeza sentimita 25 za upindo wa juu na wa chini, jumla mita 2.65. Ukinunua kitambaa chenye upana wa mita 1.4 utahitaji vipande tisa, ambavyo ni karibu mita 24, na mishono minane katikati yake; ukipata kitambaa kipana cha mita 2.8, kile kinacholazwa ili upana wake uwe ndio urefu wa pazia, mita 13 zakutosha na hakuna mshono hata mmoja. Bei ya mita moja ya kitambaa kipana ni kubwa zaidi, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, akalinganisha mita kwa mita badala ya pazia kwa pazia. Kitambaa chenye maua au mistari kitadai ziada, kwa kuwa kila kipande lazima kilingane na mwenzake.

Vipimo vichukuliwe kwa tepu ya chuma, katika sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, kwa sababu sakafu na dari zilizonyooka sawasawa ni adimu. Pazia likomee sentimita moja au mbili juu ya sakafu. Mtindo wa kuliacha likaburuzika chini hupendeza katika picha, lakini nyumbani hukusanya vumbi, huzuia ufagio, na huwapa mende na mbu maskani. Kinyume chake, pazia linalokatizwa sawa na kizingiti cha dirisha hulifanya dirisha kubwa lionekane kana kwamba limevaa nguo ya mdogo wake. Afadhali lishuke hata kama kochi litalificha, mradi kochi livutwe mbele kiasi cha upana wa kiganja ili kitambaa kipite.

Bomba ndilo linaloua mapazia mengi mazuri. Mita tano haziwezi kushikwa na vishikio viwili vya mwisho. Likiwa tupu litakaa, likipata mzigo litapinda katikati ndani ya wiki chache. Mahameli yenye uzito wa gramu 350 kwa mita ya mraba, kwa vipimo tulivyovitaja, yatakuwa na zaidi ya kilo 11, na hapo hujahesabu ringi. Lipate kishikio kila baada ya mita moja na robo hivi. Lakini kishikio cha katikati huzuia ringi kupita, na pazia letu moja lahitaji kusafiri kutoka pembe hadi pembe. Ndiyo sababu kwa safari ndefu nashauri reli, ambayo vidude vyake hutembea ndani ya mfereji na vishikio vyake havimzuii mtu, na reli ya njia mbili hubeba tabaka zote mbili. Fundi atoboe kwa mashine yenye kugonga, kwani juu ya dirisha kuna lenta ya zege ambayo mashine ndogo huikwaruza tu, na anyooshe kazi yake kwa pimamaji. Nyumba yenye dari la jipsamu isikubali reli ifungwe kwenye jipsamu yenyewe. Ifungwe katika mbao au chuma kilicho juu yake. Na karibu na bahari chuma cha kawaida kitatoa kutu ambayo kitambaa cheupe hakitaisahau, basi vishikio viwe vya aluminiamu au vya mbao.

Ikiwa kiyoyozi kimepachikwa juu ya dirisha, jambo linalotokea sana, reli ipite chini yake wala isipite mbele yake. Mashine za namna ile huvuta hewa kwa juu na kuitema chini mbele. Mtu akiifunika kwa sanduku la pazia ili kuificha, huifanya ijivutie baridi yake yenyewe, na chumba kikabaki na joto lake.

Zile blaindi za vipande vya kusimama, zilizozoeleka maofisini, zina faida ya kugeuzwa kulifuata jua, na hazichukui nafasi. Ila dirisha likiwa wazi vipande vyake hupigana makofi kila upepo ujapo, jambo ambalo katika sebule ya watu wanaotaka kuzungumza ni kero. Mwenye kuzitaka, au mwenye pazia lolote la kuvutwa kwa kamba, azingatie kamba hiyo isiachwe kitanzi kinachoning'inia mahali mtoto mdogo anapofika. Watoto wamepoteza maisha kwa vitanzi vya namna hiyo katika nchi mbalimbali. Ifungwe juu kwenye ndoano, na kitanda au kochi la kupandia lisiwekwe chini yake.

Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa ukuta mzima, rangi iliyo karibu na ya ukuta wenyewe ndiyo isiyochosha; mwenye kupenda rangi kali aiweke katika mito ya makochi, ambayo kuibadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Kitambaa chenye rangi nzito kikikaa upande wa jua bila bitana kitachujuka kwa mistari, sehemu za nje za marinda zikapauka na za ndani zikabaki kama zilivyotoka dukani.

Nasaha yangu kwa msomaji mwenye dirisha hili ni kuwa, kabla hajapanda daladala au matatu kwenda kutazama vitambaa, akae sebuleni mwake siku moja tangu saa tisa hadi taa zinapowashwa, madirisha yote yakiwa wazi, atazame jua linafika wapi na upepo unatokea wapi, kisha atoke nje usiku aitazame nyumba yake kwa macho ya jirani. Na kama mwaka huu fedha zinatosha jambo moja tu, na dirisha ni la magharibi, anunue kivuli cha nje, atundike bafta ndani, na mahameli ayaachie wenye baridi.